Mkono Usiofungwa

Getini kwa Nyumba ya Kulaza hapakuwa na asubuhi wala jioni. Palikuwa na namba tu. Ilining'inia ukutani kwenye kioo kikubwa kama mlango wa ghala, na mji mzima uliisoma kama watu wa miji mingine wanavyosoma jua. Ikipanda, watu walianza kuulizana mambo vibarazani. Ikivuka sitini, maji ya bomba yalitoka na harufu ya dawa, watu wakapika chai, wakanywa, na namba ikashuka tena, na maswali yakaachwa katikati kama ufagio ulioegeshwa ukutani. Hakuna aliyelalamika. Au walilalamika wote, ndani kwa ndani, na kioo hakikuona. Hilo ndilo lililomkaa Machano kooni tangu alipofiwa na mkewe: mtu akinyamaza, ni nani mwenye haki ya kusema kwamba amelala?

Lilikuwa swali zuri, na Machano alilitumia kama jiwe. Shule aliiacha pale ambapo hesabu za kugawanya zinaanza kubakiza, lakini kwa kutukana hakuwa na mpinzani. Alisimama mbele ya geti, kofia mkononi, akapanua kifua.

"Wauaji nyie! Mlinitoa nje! Mke wangu yuko macho mnamchana kama samaki, mie mmenitupa nje kama paka! Ningekuwepo ningesema! Ningesema!"

Vuai, bawabu wa geti, alikuwa akimenya karanga.

"Leo umemsahau mama yake Mkubwa wa Nyumba," alisema.

"Nitamfikia. Niache nivute pumzi."

"Vuta, bwana. Na ukikaukiwa sauti kuna maji kwenye mtungi. Ya kisima hayo, si ya bomba."

Basi tuseme mapema, kabla geti halijafunguliwa: hakuna aliyemtoa nje. Machano alilijua hilo kama anavyolijua jino lake bovu, na kila alipopiga kelele ulimi ulikwenda kuligusa.

Katika Nyumba ile, mtu akitaka kupasuliwa hupewa dawa mbili. Ya kwanza ni nusukaputi yenyewe, ya kulaza akili. Ya pili ni ya kufunga mwili, nyama zilegee zisigombane na kisu. Zikishaingia zote, mtu anakuwa kimya, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu kimya cha aliyelala na kimya cha aliyefungwa hufanana kama mapacha waliovishwa nguo moja. Kwa hiyo hubandikwa plasta yenye nyaya kwenye paji la uso. Plasta inasikiliza ubongo unavyonong'ona, na kioo kinaugeuza mnong'ono kuwa namba. Mia ni mtu aliye macho, sifuri ni taa iliyozimwa, na kati ya arubaini na sitini ndipo wanapotaka ulale. Lakini waliojenga Nyumba walikuwa watu wa shaka, wakaacha desturi moja. Kabla dawa ya pili haijaingia, mkono mmoja wa mgonjwa hukazwa kipande cha kanga ya nyumbani kwake, juu ya kiwiko, dawa isiufikie. Mwili wote umefungwa, mkono mmoja una ruhusa. Mtu hukaa chini ya shuka ameushika, na kazi yake ni moja tu: ukiminywa, sema.

Mkono wa Mize, mkewe, aliushika Machano. Ulikuwa mkono wa kupalilia, mgumu penye mashina ya vidole, laini katikati. Kisu kilipoingia ukamminya. Si kidogo. Ukamminya kama mtu anayening'inia. Machano akatoa kichwa nje ya shuka. Kwenye kioo, arubaini na tatu. Mkubwa wa Nyumba, ambaye siku ile ndiye aliyekuwa akiisoma namba, akamtazama kwa jicho lile ambalo watu waliosoma humtazamia mtu aliyekohoa kikaoni. Jicho tu. Neno hakuna. Na Machano akaona aibu. Ndiyo, aibu, kitu kidogo namna hiyo. Yeye nani wa kubishana na arubaini na tatu? Akarudi chini ya shuka, na kwa kuwa hakuweza kuuvumilia mkono uliokuwa ukimwambia jambo asilothubutu kulisema, akavitoa vidole vyake, kimoja kimoja, taratibu, kama unavyojichomoa kwa mtoto uliyembembeleza akalala. Kisha akakaa pale pale, mikono mapajani, mpaka walipomaliza kushona.

Mize alipona kidonda. Ila tangu siku ile hakumpa mtu mkono. Wageni wakija alisalimia huku mikono kaificha ndani ya kanga, na watu wakasema amekuwa na maringo. Mara moja tu aliuliza. Alikuwa akichambua mchicha.

"Ulikwenda wapi?"

"Walinitoa," Machano akasema.

Mize akamtazama kwa muda mrefu. "Haya," akasema, akaendelea na mchicha wake. Ugonjwa ulirudi ukamchukua, na neno lile "walinitoa" likabaki bila mtu wa kuliambia. Ndipo Machano alipolipeleka getini.

Sasa siku moja namba ya mji ilisimama. Haikupanda wala kushuka, na Vuai akafungua geti kabla tusi la kwanza halijatoka.

"Unaitwa ndani, Mzee Machano."

"Na nani?"

"Na huyo huyo mwenye mama yake."

"Ananikamata?"

"Anaumwa. Anapasuliwa leo. Anataka umshike mkono."

Machano akacheka mpaka akaegemea nguzo. "Hana ndugu?"

"Anao tele. Anasema ndugu watajifunika nyuso walie. Na wale wakuu wenzake, hata akipiga yowe, watasema Mheshimiwa kalala vizuri sana. Anasema hakuna atakayemwangalia kwa makini kama mtu anayemwombea mabaya."

"Ana akili huyu mtu."

"Ndiyo maana ni Mkubwa. Vua viatu."

Ukumbi wa Nyumba ile ulikuwa mrefu kuliko Nyumba yenyewe. Machano alitembea, na kuta zilikuwa na ngozi, zilikuwa na joto, zilipanda na kushuka kama kifua. Pande zote milango iko wazi. Kila chumba kina kitanda, na kila kitanda kina shuka, na chini ya kila shuka ameketi mwanamume, mikono mapajani. Katika chumba cha kwanza mwanamume yule alikuwa kijana aliyevaa kanzu ya harusi ya Machano. Katika kilichofuata alikuwa na mvi za Machano. Machano akaacha kutazama. Akatazama miguu yake, na miguu ikawa ya mtoto anayetumwa dukani, kisha ya mchumba, kisha ya mtu anayefuata jeneza, na sakafu ilikuwa ile ile. Labda mtu hana umri, aliwaza. Labda mtu ana mahali alipokaa kimya, na miaka yote inakuja kumkuta hapo hapo.

Mkubwa alikuwa kitandani. Bila lile koti lake alikuwa kizee tu chenye miguu myembamba. Kichwani pake alisimama Bi Salha, ambaye sasa ndiye msoma namba, akimfuta paji la uso kwa spiriti ili plasta ishike.

"Shikamoo, Mzee Machano."

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa na macho ya mtu anayekufahamu kuliko unavyopenda. Machano akayakwepa.

"Leo umenyamaza?" Mkubwa akamuuliza.

"Matusi nimeyaacha getini, Mheshimiwa. Nilidhani huku ndani hayaruhusiwi."

"Ungekuja nayo. Huku hakuna anayenitukana. Mtu unaanza kujisahau." Akacheka, cheko likamuuma tumbo, akatulia. Bi Salha alikuwa akimkaza kipande cha kanga mkononi. Kilikuwa kimepauka. Machano akashangaa kwamba hata nyumbani kwa mtu huyu kanga huvaliwa mpaka zikapauka.

"Mzee Machano. Mtu akilala hapa hajui kama ataamka. Tuombane radhi."

"Radhi ya nini?"

"Ya siku ile niliyokutoa nje. Sikufichi, sikumbuki. Nimejitahidi, nimeshindwa. Lakini nimewatoa watu wengi katika vyumba hivi, nyuso zao zimeniingiliana. Na wewe umelisema kila siku, kwa sauti ile ile, jua na mvua. Nikajiambia, mtu hawezi kubeba uongo mmoja umri mzima, ungeshamwangukia. Basi nimekubali. Nilikutoa. Nisamehe."

Kumbe lile jiwe alilokuwa akirusha lilifika. Lilifika siku zote, na huyu kizee alikuwa akiliokota na kulihifadhi ndani ya nyumba yake kama mali yake. Kuna mtu amelala na dhambi yangu, aliwaza Machano. Amelala nayo, ameamka nayo, na leo anataka kuingia nayo kwenye giza. Sema sasa. Neno ni fupi. Lakini nikilisema, nitasimama wapi kesho? Getini? Nikiwa na nini mkononi? Mtu niliyebakiwa naye duniani ni huyu ninayemchukia.

"Lala, Mheshimiwa," alisema. "Tutaongea."

Akaingia chini ya shuka akaushika mkono.

Dawa ya kwanza ikaingia, na Bi Salha akawa anataja namba kwa sauti, kama mtu anayeshuka ngazi na taa. Tisini. Themanini. Kwenye themanini Machano alisikia harufu ya moshi wa kuni za mkoko na Mize akiimba jikoni. Sabini. Kwenye sabini kulikuwa na ndoa, kulikuwa na kugombana juu ya ndoo, kulikuwa na kucheka baada ya kugombana. Sitini, hapo watu huanza kunyamaza. Hamsini. Nchi nzima iko hapa, aliwaza. Sisi sote tumepangwa vitandani kati ya arubaini na sitini. Tukizidi tunasumbua, tukipungua tunakufa, na wakubwa hawataki lolote kati ya hayo. Wanatutaka tuwe hai na tusiseme. Na mie nilipokaa mikono mapajani, nilikuwa namba ngapi? Hakuna aliyenibandika plasta. Hakuna aliyenipa dawa. Nililala mwenyewe, kwa hiari yangu, kwa sababu ya jicho.

Dawa ya pili ikaingia. Mwili ukalegea. Bi Salha akashika mfuko wa mpira wa kumpumulisha, maana kifua nacho kilikuwa kimefungwa, na mkono wake wa pili ukakaa kwenye kifungulio cha dawa.

"Arubaini na nne," alisema. "Amelala. Anzeni."

Mpasuaji akaanza.

Na mkono ukamminya.

Machano alifumba macho. Si huu. Huu ni wa mtu mwingine. Huu hauna sugu za jembe, kucha zake zimekatwa vizuri, huu ni mkono wa kutia saini. Ukamminya tena, na safari hii sugu zilikuwepo. Mashina ya vidole yalikuwa magumu, katikati laini. Mize. Mize, usinifanyie hivi. Yule aliyekutazama ukiumia ndiye huyu, amelala, sasa anakionja kisu. Muache. Muache akionje kidogo. Mpaka washone tu. Nani atajua? Kioo kiko upande wangu. Mara ile kioo kilikuwa kibaya, leo ni kizuri, ni kioo kile kile. Nikae tu. Sihitaji kufanya kitu. Ubaya wenyewe hauna kazi, ni kukaa. Na akifa leo atakufa anajua alinitoa nje, na nitakuwa na haki mpaka kaburini.

Alihisi vidole vyake vinatoka. Hakuviambia. Kidole cha mwisho kilikuwa kimeshachomoka, na cha pete kilikuwa kikijivuta, taratibu, kwa adabu ile ile. Vilikuwa vinaijua njia.

"Yuko macho," Machano alisema.

Sauti ilitoka ndogo, si ile ya getini. Akatoa kichwa nje ya shuka.

"Yuko macho huyu!"

Kisu kikasimama. Bi Salha hakugeuka. "Kioo kinasema arubaini na nne, Mzee."

"Ameniminya."

"Mikono hurukaruka."

"Muulize basi."

Bi Salha akainama sikioni pa Mkubwa. "Mheshimiwa, kama unanisikia, mminye Mzee Machano mara mbili."

Mkono ukaminya. Ukaachia. Ukaminya.

"Mara mbili," Machano alisema.

"Unasema wewe."

"Njoo ushike mwenyewe!"

"Siwezi. Mkono mmoja una pumzi yake, mmoja una dawa yake." Sasa alimgeukia, na jasho lilikuwa limemkaa juu ya mdomo. "Sikiliza. Paji la uso nalo ni nyama. Tukilifunga, kioo husikia kimya kikadhani ni usingizi, inatokea, sikatai. Lakini moyo wake ni mbovu. Nikimwongezea dawa na kumbe amelala kweli, nimemuua. Na wewe umeliomba hilo kila siku getini, mji mzima umesikia."

"Bi Salha," mpasuaji akasema, "tumbo liko wazi. Niendelee, nisiendelee?"

"Ngoja." Hakuyaondoa macho kwa Machano. "Siku ya mkeo nilikuwa nimesimama miguuni pake. Shuka lilikuwa limejikunja, nikakuona. Ulitoa mkono mwenyewe. Hakuna aliyekugusa. Nami sikusema, kwa sababu nilikuwa mgeni humu, na kioo kilisema arubaini na tatu. Nimekusikia getini umri wote huo na sikusema pia. Sasa niambie, Mzee wangu. Kwa nini nikuamini leo?"

Mkono uliendelea kuminya. Mwenye mkono alikuwa akisikia kila kitu. Hilo Machano alilijua. Alikuwa na mashahidi wawili waliosimama na mmoja aliyelala ambaye hakulala.

"Kwa sababu aliminya," alisema.

"Nani?"

"Mize. Aliminya na mie nikajua. Sikudhani, nilijua. Nikaona haya mbele zenu, nikatoa mkono. Hakuna aliyenitoa nje. Alikuwa amenishika hivi, hivi hivi, kama yuko kisimani na mie ndiye kamba. Mwanangu, kuna vitu vingi sivijui. Huu mkono naujua. Nimelala nao tangu siku ile. Huyu yuko macho, na anaumia, na kila tunavyobishana anaumia. Ongeza."

Bi Salha akafungua dawa.

Machano akarudi chini ya shuka. Mkono ulikuwa bado umemng'ang'ania, na akaurudishia vidole vyake vyote, hata vile vilivyokuwa vimekwisha kutoroka. "Inakuja," aliuambia. "Vumilia, inakuja. Nipo." Hakujua anamwambia nani. Kule kuminya kukawa kwa mawimbi, kukaja, kukapungua, kukaja kidogo, kama mtu anayetaka kusema neno la mwisho na usingizi unamwahi. Kisha kukaisha. Juu, Bi Salha alihesabu mapigo ya moyo kimoyomoyo, midomo ikicheza. Moyo uliyumba. Ukatafuta njia. Ukaendelea.

"Thelathini na nane," alisema. "Anastahimili. Endeleeni." Na baadaye, kwa sauti ya chini, "Sasa amelala, Mzee. Ukitaka unaweza kupumzisha mkono."

"Hapana."

Alibaki na kizee yule mle ndani, kwenye mwanga wa shuka uliokuwa kama mwanga wa ndani ya yai. Lile neno alilokuwa akilihifadhi umri wote lilikuwa limetoka, na mahali lilipokuwa limekaa palibaki wazi, panauma upya. Hakujua kama Mkubwa atalikumbuka. Nusukaputi huja na ufagio wake, hufagia hata yale yaliyosikika kabla haijafika. Inawezekana ataamka bado ana dhambi isiyokuwa yake, na itabidi aambiwe tena, uso kwa uso, mchana. Au hataamka.

Machano akausogeza mdomo karibu na ule mkono.

"Hukunitoa, Mheshimiwa. Mimi ndiye wa kuomba radhi. Ukinisamehe, niminye."

Akangoja. Juu yake uzi ulikuwa ukipita kwenye ngozi.

"Mize," alisema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri. "Niminye."

Mkono ulikuwa na joto, mzito, umelala usingizi wa haki, na usingizi ule yeye ndiye aliyeugombea. Akangoja tena, vidole vyake vikiwa ndani ya vidole visivyomsikia, na hakuvitoa.